Namba Chini ya Namba

2 Machi

Mvua imeanza leo. Bati la stoo linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya rafu ya soksi, na Sajini Kufuli ameweka ndoo ileile. Tunamwita Kufuli kwa sababu hata sindano iliyovunjika anaifungia kabatini. Daftari hili lilikuwa la kuorodhesha kofia. Kofia hazikuja, daftari likabaki, na mimi siwezi kuona karatasi nyeupe ikikaa bure.

Basi, kwa faida ya atakayelikuta: mimi ni koplo, mwanamke, kazi yangu cherehani ya jeshi, mwaka wa kumi na moja huu. Wanaume wenye bunduki huja dirishani kwangu wameshika suruali kiunoni kwa mkono mmoja, na wote huniita Fundi kwa adabu kubwa.

4 Machi

Sare mpya zimefika. Magunia thelathini, yananuka mafuta ya taa.

6 Machi

Siku nzima ya kugawa na siku nzima ya kulalamikiwa, utadhani ni mimi niliyezisuka.

Dereva wa lori alivaa gwanda lake, akakunja mkono, akakunjua. "Fundi, hili linapiga kelele. Nikijikuna tu, adui ameshajua nilipo."

"Usijikune."

"Na rangi je? Haya ni majani ya wapi? Mimi nimezaliwa porini, majani haya sijawahi kuyaona."

Mpishi alichuchumaa mara moja mbele ya dirisha, kwa majaribio, na suruali ikapasuka kuanzia nyuma hadi kwenye zipu. Akasimama polepole, akasema, "Nilijua," akaondoka kinyumenyume. Nimecheka mpaka machozi. Halafu wakaja wanawake wa mawasiliano, watatu kwa mpigo. Mkubwa wao akauonyesha mfuko wa kifuani, ulipoangukia, akaniuliza kama aliyekata hicho kitambaa aliwahi kunyonya. Nikamwambia labda alilelewa kwa chupa.

Mdogo wangu naye alipanga foleni kama wengine. Ni kitinda mimba wa mama, na nyumbani hatuna jina lingine la kumwita, ni Kitinda tu. Hajamaliza hata miezi saba jeshini. Alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akanyoosha kola, akajipigia saluti.

"Dada, nimetokea?"

"Umetokea."

Na kweli alitokea. Baada ya saa moja alirudi shingo imechubuka, kola ngumu kama ubao. Wengine wote nimewaambia wazoee. Yeye nimemsugulia kola kwa mshumaa ilainike, na sioni haya kuandika.

9 Machi

Nimeloweka ndooni kipande cha sare ya zamani na kipande cha mpya. Na lebo moja nimeishona kwa uzi mpya tulioletewa. Nataka kujua.

10 Machi

Mvua. Vifungo mia mbili na kumi.

12 Machi

Majibu ya ndoo. Kitambaa cha zamani kimekauka kwa saa mbili tu juu ya mgongo wa kiti. Kipya mpaka jioni kinadondosha, na ukikinyanyua utadhani umebeba mtoto. Lakini aibu yenyewe ni uzi. Nimevuta lebo kwa vidole viwili ikatoka kama utando wa maziwa. Siku tatu tu majini.

Nimemwomba Kufuli tutumie uzi wa zamani, anao rola nne. Amesema rola nne ni za sare za sherehe. Meja ana gwaride mwezi wa tano, nyota zake haziwezi kuning'inia.

"Na wanaokwenda mbele?"

"Wanaokwenda mbele hawakaguliwi lebo, Fundi."

Naandika hapa ili isije ikasemwa kwamba sikujua.

15 Machi

Mama amepiga simu. Kikosi cha Kitinda kinakwenda mbele wiki ijayo. Sijui habari zimemfikiaje kabla hata sijazisikia mimi ninayekaa kambini.

"Kifua chake unakijua," alisema. "Alikuwa akinyeshewa kidogo tu, wiki nzima tunakaa tunamsikiliza anavyovuta pumzi. Wewe ndiye mwenye nguo. Mwenzio asilowe."

"Mama, mtoto anakwenda vitani, wewe unaogopa mvua?"

"Vita siijui. Mvua naijua."

16 Machi

Kuna jambo letu ambalo raia hawalijui. Ndani ya kola ya kila jaketi kuna lebo nyeupe yenye namba ya mwenyewe. Mwenyewe akiondoka, jaketi linarudi stoo, linafuliwa, namba yake inapigwa mstari, na ya mwingine inaandikwa chini yake. Kwa hiyo askari akipewa jaketi la zamani, kabla hajatia mkono, anageuza kola na kuhesabu mistari. Wanaamini kila mstari ni jeneza.

Ninayetunza kitabu ni mimi. Nawaambia: huyu alistaafu, huyu alinenepa, huyu alitoroka na mjane wa watu. Hawasikii.

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio," dereva aliniambia leo. "Na ya marehemu je?"

Sasa sare mpya zimekwisha, na watu sitini wa kwenda mbele wanangoja majaketi. Yaliyobaki ni ya mistari. Kufuli ameleta amri ya Meja: lebo zote za zamani zikatwe, zishonwe mpya. Jaketi likikosa namba za watu, amesema, halimtishi mtu.

17 Machi

Nimekata lebo hamsini na tisa na kuzitia kwenye kopo la vifungo. La sitini lilikuwa la Mluzi.

Mluzi, namba 7041. Alikuwa akipiga mluzi kwenye foleni, kwa hiyo ulijua nani yuko dirishani bila kuinua kichwa. Mwaka jana alinitaka nimshonee mfuko mwembamba kwa ndani, wa penseli, alikuwa anapenda kuchora. "Fundi, shona kama unanishonea ya harusi." Nikamshonea. Alikufa Desemba. Walimpeleka kwao katika jeneza lililofungwa, kwa sababu, walisema, hakukuwa na cha kuonyesha. Jaketi hili halikuwa mwilini mwake siku hiyo. Lilikuwa kwenye begi lake, safi, limekunjwa vizuri. Hakufia ndani yake. Leo nimejiambia hivyo mara nyingi.

Nilishika mkasi, mkono ukagoma. Zile nyingine nilikuwa nakata huku naimba. Kwa hili nilihisi kama mtu amesimama nje ya dirisha anasubiri zamu yake. Nikaacha mkasi, nikachukua lebo mpya, nikaishona juu ya ile ya zamani, pande zote nne, ikafunikwa isionekane. Nani atajua? Nilitaka pawepo mahali pamoja katika jeshi hili ambapo hajafutwa.

Namba niliyoandika juu ni 9226, ya Kitinda; gwanda lake jipya atapewa yule wa sitini. Ndilo lililokuwa jaketi zuri kuliko yote sitini: laini, linakauka upesi, na mabega yao sawasawa. Mama alisema asilowe.

Uzi wa zamani ulikuwa kwenye cherehani ya pili, pamoja na nyota za Meja. Nilitumia mpya.

19 Machi

Kitinda amekuja kulijaribu. Akageuza kola upesi, akaona namba yake peke yake, akatabasamu.

"Lilikuwa la nani?"

"La mtu aliyenenepa."

"Alikuwa anakula nini, na sisi tupewe?" Akapapasa ndani, akaupata ule mfuko mwembamba. "Na huu?"

"Wa penseli."

"Mimi na penseli wapi na wapi." Akachomoa dawa yake ya kupuliza kifua, akaitia mle. Ikakaa kama ilipimiwa. Akacheka, akanikumbatia juu ya meza, na harufu ya sabuni ya stoo ikanijia kwenye kola yake. Nilikuwa sijawahi kuichukia sabuni ile mpaka leo.

20 Machi

Wameondoka. Malori saba, mvua kubwa. Sikumwona usoni, wote wanafanana wakivaa. Hiyo ndiyo kazi ya sare, na mimi ndiye ninayeifanya.

21 Machi

Mama: "Halowi?"

"Halowi, mama."

24 Machi

Ndoo ya chini ya bati imejaa mara tatu.

25 Machi

Mama, vilevile.

28 Machi

Dereva amerudi kuchukua mafuta. Ameniletea salamu za Kitinda: jaketi halijambo, wenzake wanavaa mizigo ya maji, yeye mkavu. Nikamshukuru.

"Ila mwambie aache mluzi," dereva akasema. "Anatuchosha. Asubuhi mluzi, kwenye doria mluzi."

"Kitinda hajui kupiga mluzi. Tangu utoto, anatoa upepo tu."

"Basi amejifunza."

Akaenda zake. Nimekaa na kitambaa mkononi mpaka Kufuli akaniuliza kama ninaumwa.

2 Aprili

Mto wa huko mbele umefurika. Daraja la magogo limebebwa na watu juu yake. Hakuna majina bado.

3 Aprili

Hakuna.

5 Aprili

Karani wa orodha huja kunywa chai stoo kwetu kwa sababu ofisi yao ni baridi. Leo alikuja na karatasi, akasimulia huku anakoroga sukari.

Darajani walikuwa kumi na wawili. Sita walivuka, sita walichukuliwa. Katika hao, watatu wamepatikana chini kabisa ya mto baada ya siku tatu majini. Nyuso hazitambuliki. Vibati vya shingoni hatujagawa tangu mwaka juzi, kwa hiyo wamewasoma lebo za kola. Wamezikwa hukohuko, barabara imekatika. Akasoma namba ya kwanza, ya mtu niliyemfupishia suruali. Ya pili sikuijua.

"Na wa tatu, sikilizeni kituko. Ni 7041."

"Huyo si Mluzi?" Kufuli alisema. "Mluzi tumemzika Desemba."

"Ndiyo maana nasema kituko. Mtu anakufa mara mbili? Hata jeshini?"

Wakacheka. Mimi nilikuwa nashona kifungo. Sindano ilipita kwenye ncha ya kidole ikatokea upande wa pili na sikusikia chochote, niliona damu kwanza.

Siku tatu majini. Ndoo yangu ilisema hivyohivyo.

Wale watatu wengine wameandikwa "hawajulikani walipo". 9226 yumo. Karani alieleza, bila kujua anamweleza nani, kwamba upande wa pili wa mto ni nchi ya watu, na askari wachanga wakiogopa huvuka wasirudi. Zikipita siku ishirini na moja bila mwili, mtu anaandikwa mtoro. Barua inakwenda nyumbani, na polisi huja kumtafuta uvunguni.

Kisha akakumbuka. "Samahani, Fundi. Mdogo wako si yuko kikosi hicho?"

"Yuko."

6 Aprili

Mama: "Halowi?"

"Halowi, mama."

7 Aprili

Askari hubadilishana majaketi. Nimeyaona hayo miaka kumi na moja: kwa sigara, kwa zamu ya lindo, kwa ubishi. Huenda alimpa mwenzake. Huenda alilivua avuke kifua wazi. Huenda yuko ng'ambo, mkavu, anaogopa kurudi, na nikisema neno moja nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu.

Na nikisema, nitakuwa nimekiri kuvunja amri. Hilo nalo limo, nisijifanye malaika.

10 Aprili

Kambi nzima imepata habari. Mluzi anatembea, wanasema. Mlinzi wa kufulia ameusikia mluzi wake kwenye kamba za nguo. Leo wamekuja dirishani ishirini na zaidi, kila mmoja na mkasi au kisu, wanafumua lebo wenyewe watazame chini yake kuna nini. Chini yake hakuna kitu: mengi ni majaketi mapya, na za zamani nilikata zote. Isipokuwa moja, na hiyo iko kaburini.

Mpishi peke yake hakufumua. "Mimi langu lilipasuka siku ya kwanza," alisema. "Pepo wangu alishatoka." Watu wakacheka kidogo.

Mimi pia nasikia. Saa nne za asubuhi, mchana kweupe, nikiwa nimeinama, mluzi upande wa foleni. Nikiinua kichwa hakuna mtu, ni maji tu kwenye mfereji wa bati. Ninachoogopa ni kwamba siku hizi sijui ninamsikia yupi kati yao wawili.

13 Aprili

Mwanamke amefika getini na mwavuli wa kijani wenye waya mmoja uliovunjika. Ni mama yake Mluzi. Karani ndiye aliyempigia simu: namba ya mwanao imeonekana tena, mama, huenda tulizika mtu mwingine. Huenda! Natamani ningemshonea karani yule mdomo.

Amesafiri siku mbili. Chumba cha walinzi kinavuja, wakamleta akae kwenye benchi langu.

14 Aprili

Ni mtu wa maneno, huyu mama. Ameniambia matundu ya vifungo vyangu ni mazuri lakini mapindo ya suruali nafanya kwa pupa. Kweli tupu.

"Kama amekufa juzi," alisema, "basi tangu Desemba alikuwa hai. Na kama alikuwa hai wakati mimi nalia, nani anayejua? Hata huyo wa juzi huenda si yeye. Jeshi likikosea mara moja linaweza kukosea mara mbili."

Nilimkorogea chai. Nikaimwagia mezani, akadhani ni baridi, akanifunika bega kwa khanga yake.

15 Aprili

Anakuja saa mbili, anaondoka saa kumi. Meja hana nafasi ya kumwona.

16 Aprili

Mama yangu hajauliza kama halowi. Ameuliza, "Mbona sauti yako hivyo?" Nikasema mafua.

17 Aprili

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nadhani ni methali ya chawa.

18 Aprili

Siku tano zimebaki. Kufuli amesema kwa upole, na upole kwake ni adimu, kwamba barua za watoro huandikwa mapema ili ziwahi posta.

19 Aprili

Leo mama yake Mluzi alikuja na mfuko. Ndani mlikuwa na shati jeupe na suruali ya kijivu, zimepigwa pasi mpaka kona zinakata.

"Siwezi kumrudisha nyumbani na yale magwanda," alisema. "Alikuwa akija likizo anavua nje, kwenye mlango. Alisema sare inamwasha hata akiivua. Sasa, mwanangu, tangu Desemba atakuwa amekonda. Nipunguzie kiuno, inchi mbili hivi."

Akaitandaza suruali mezani kwangu. Akanipa na pini alizokuja nazo, kwa sababu zangu, alisema, zina kutu.

Nikachukua pini. Nikapima inchi mbili za kiuno cha mtu aliyekufa Desemba. Nikatia pini ya kwanza. Ya pili nikashindwa.

"Mama," nikamwambia, "kaa."

"Nimekaa."

Nikamweleza. Sikupamba. Jaketi la mwanao lilirudi kwenye begi lake. Niliamriwa nikate namba yake, nikashindwa, nikaifunika kwa namba ya mtu mwingine. Uzi ulikuwa mbovu na nilijua ni mbovu. Mto ukaila namba ya juu, ikabaki ya chini. Aliyezikwa kule mbele si mwanao. Mwanao alikufa Desemba, mama. Ni yeye uliyemzika.

Mvua ilikuwa inapiga bati hivi kwamba sikuwa na hakika amesikia yote. Akaikunja ile suruali, mguu juu ya mguu, akailainisha kwa kiganja.

"Nilijua," alisema. "Nilibeba jeneza upande wa miguu. Nimembeba tangu tumboni, uzito wake naujua. Lakini mtu akikupigia simu akakwambia huenda, utafanyaje? Utamkatia?"

Nililia, na yeye hakulia.

"Na aliyelivaa ni nani?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

Hapo ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza likitoka kinywani mwangu, na nikajua ni kweli, hakubadilishana na mtu, hakuvuka ng'ambo. Tangu siku ile ya chai ya karani nilikuwa najua.

"Mama yenu ameambiwa?"

"Bado."

Akanishika kidevu kama mtoto. "Basi mwambie. Lakini usimpelekee huenda. Mimi nimeishi ndani ya huenda wiki moja na sitamwombea hata adui yangu."

Alipoondoka aliuacha mfuko mezani. Nikamkimbilia nao mvuani.

"Kaa nazo," alisema chini ya mwavuli wake mbovu. "Siku watakapomfukua wa kwenu kumrudisha, mvalishe. Asirudi nyumbani na jaketi la mwanangu."

20 Aprili

Nimekwenda kwa Meja na kopo langu la lebo. Alinisikiliza amesimama. Alifoka, ilikuwa haki yake: amri imevunjwa, orodha imechafuliwa, familia mbili zimechezewa. Nikajibu ndiyo afande, ndiyo afande, ndiyo afande. Halafu akauliza, taratibu, kama huo uzi mbovu ndio ulioshona nyota zake.

"Hapana, afande. Zako nilishona kwa ule mzuri."

Akatazama bega lake. Akaketi. Akamwita karani akamwambia afute 9226 kwenye orodha ya wasiojulikana, na asiiweke kwenye ile ya watoro. Aiweke panapostahili. Kuhusu mimi, kesi yangu itasikilizwa mwezi ujao. Mpaka siku hiyo sigusi cherehani.

Stoo nimemkuta Kufuli ameziweka rola zote nne za uzi wa zamani juu ya meza. Kabati lilikuwa wazi.

21 Aprili

Mvua imepungua, inadondoka tu. Wametaka kumpelekea mama ofisa na barua, nikaomba siku moja, nikapewa.

Nimevua sare kwanza. Nimevaa gauni la nyumbani ambalo limekaa sandukuni tangu mwaka juzi, linanuka dawa ya nondo. Sikutaka kumwambia nikiwa ndani ya magwanda. Nimekaa kitandani, nikapiga, na akapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Sema," alisema.

Nikasema. Daraja, mto, jaketi, namba iliyokuwa juu na iliyokuwa chini, na mkono ulioishona ni wa nani. Sikumwambia huenda hata mara moja. Nilimsikia anapumua. Nilingoja anilaani, na kama angenilaani ningepokea. Mtu nyuma yake aliuliza kuna nini.

Kisha akaniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ileile ya kila siku.

"Alilowa?"

Msimu mzima nimekuwa nikifunika.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Alilowa."